Ukoo wa Kibokoni: picha ya Swaleh

*IJUMAA*

*06:41 Rukia:* Asalaam aleikum nyote. Swaleh amepewa siku ya MRI ya kichwa. Jumanne saa mbili asubuhi. Wanataka elfu 26, mkononi tuna elfu 17. Nataka vitu vitatu: pesa, gari, na mtu wa kukaa naye. Nani achukua nini?

*06:58 Rukia:* Nimeona mmesoma watu 14.

*07:20 Omari:* Waaleikum salaam. Ijumaa njema 🌹

*07:21 Rukia:* Omari, gari.

*07:44 Omari:* Ndo naamka dada

*07:52 Bakari:* Kwani mwaka jana hakupigwa picha? Tukachanga, akatiwa kwenye lile duara, jibu likaja kichwani hamna kitu. Mimi hilo nalijua tangu chuoni kwa maalim, na sikulipwa 😂

*07:53 Mwanaisha:* 😂😂😂

*07:53 Rukia:* Bakari si wakati wake.

*08:10 Fatma:* Shikamooni. Ami Bakari, ile ya mwaka jana ilikuwa CT, tena bila dawa ya rangi. CT ni miale ya eksirei, upesi sana, nzuri kwa damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Huu uvimbe tunaoutafuta ukiwa mdogo CT hupita juu yake tu. Walitafuta kiharusi, hawakukiona, wakaandika kichwa salama. Hawakusema uwongo, swali ndilo lilikuwa silo.

*08:12 Rukia:* Sikilizeni mtoto, ndiyo kazi anayosomea.

*08:15 Fatma:* Damu ishaonyesha homoni ya ukuaji iko juu. Ugonjwa waitwa akromegali. Kuna tezi, pituitari, kama punje ya mbaazi, imekaa kwenye kishimo cha mfupa chini ya ubongo, nyuma ya pua. Ikiota uvimbe, mtu mzima hawezi tena kurefuka, basi hukua mikono, miguu, taya, ulimi. Ndiyo kule kukoroma. Na hata sukari yake huenda imetokana na hiyo.

*08:16 Bakari:* Mbaazi za nazi au kavu?

*08:16 Omari:* Umenitamanisha mahamri

*08:18 Mwanaisha:* Mahamri yako kwangu mpaka saa tatu, shilingi kumi kumi, mbaazi mbali. Omari lete bakuli, usije na karatasi kama juzi.

*08:19 Rukia:* JAMANI

*08:19 Rukia:* Gari. Pesa. Mtu.

*08:31 Salma:* 👍

*08:32 Rukia:* Salma 👍 ya nini

*09:05 Omari:* Fatma na macho je? Juzi Marikiti tulikuwa naye, mkokoteni ukaja ubavuni akaukanyaga kabisa. Hamali kapiga makelele yote, nikadhani jamaa yuko na mawazo.

*09:09 Fatma:* Hilo mwambieni daktari kabla ya Jumanne, Ami Omari. Mishipa ya macho yapishana juu tu ya hiyo tezi. Uvimbe ukipanda waibana, mtu apoteza kuona pembeni huku mbele aona vizuri. Kupimwa miwani tu hakutoshi.

*09:10 Rukia:* Ndo mwezi wa tatu akauziwa miwani ya elfu sita.

*09:14 Fatma:* Usilaumu sana shangazi. Ni nadra. Husemwa watu kama 60 kwa milioni. Sensa ya 2019 Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, kwa hiyo mji mzima labda sabini na kitu.

*09:15 Bakari:* Matatu tano, na makanga wananing'inia

*09:17 Fatma:* 😅 Ndivyo. Na huchukua miaka kujulikana, maana uso wabadilika polepole na nyinyi mwamwona kila siku. Baba ndiye aliyeona, ile picha ya Idd. Alinipigia kutoka Maskati akaniuliza huyu aliyekaa karibu na shangazi ni nani. Ndipo nikaziweka pamoja na ile ya harusi ya 2009. Daktari alizitazama picha mbili zile kabla hajaandika kipimo cha damu.

*09:18 Rukia:* Harusini alivaa kiatu 42. Sasa 45. Nilidhani ni mitumba ndiyo yenye namba za ovyo.

*11:26 Swaleh:* Mwanizungumza kama sipo

*11:26 Swaleh:* Mimi siingii mle. Lile duara la mwaka jana ni dakika mbili. Hili nimeambiwa ni mfereji, walazwa chali nusu saa na zaidi, kichwa kwenye kizimba, usitikisike. Hiyo ni mwanandani, imebaki sanda tu.

*11:27 Mwanaisha:* Astaghfirullah Swaleh, Ijumaa hii

*11:31 Fatma:* Ami, mfereji uko wazi huku na huku, hewa yapita, na utashikishwa kitufe mkononi, ukibonyeza wakutoa. Kelele ziko, kama watu wagonga bati, lakini utazibwa masikio. Kipande kirefu kitapita kabla ya dawa, halafu watakudunga gadolini, dawa ya rangi ya MRI. Tezi isiyo na ugonjwa huinywa dawa upesi na kung'aa, uvimbe huchelewa, basi huonekana mweusi. Wapiga vipande vya milimita 2 au 3 pale pale tu, si kichwa kizima. Na mara nyingi sana si saratani, hutolewa kwa kupitia puani.

*11:32 Bakari:* Kwa pua ile watapita na tuktuk

*11:33 Rukia:* Bakari nitakutoa kikundini wallahi.

*11:35 Fatma:* Mambo mawili. Kwa vile ana sukari, apimwe figo kwanza, ile kreatinini, kesho asubuhi. Na asiingie na chuma chochote. Ile MRI ni sumaku, tena haizimwi hata usiku. Ikiwa ya nguvu ya Tesla 1.5 ni kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia. Saa, funguo, mkanda, pete.

*11:36 Swaleh:* Pete haitoki

*11:36 Swaleh:* Tangu 2021. Sabuni, mafuta ya nazi, uzi, yote.

*11:38 Rukia:* Si fedha ile? Sumaku haivuti fedha.

*11:40 Fatma:* Haivuti, lakini yaweza kupata moto, na wenyewe hawatamruhusu nayo. Ikatwe. Kwa sonara ni dakika tano.

*11:52 Athmani:* Haikatwi.

*11:52 Athmani:* Pete ile ni ya baba. Akiki ya Yemeni, na jina lake limechongwa ndani. Sonara akipitisha msumeno ameondoa jina.

*11:53 Rukia:* Athmani tangu saa kumi na mbili na nusu naomba elfu tisa hujasema neno. Sasa umeipata sauti.

*11:54 Athmani:* Na mwajua wenyewe ilikuwa ikae kwa nani. Nilinyamaza miaka yote hii.

*11:54 Swaleh:* Sikuiiba. Kidole ndicho kilichonenepa

*11:56 Athmani:* _Ujumbe huu umefutwa_

*11:57 Rukia:* Nimeusoma.

*11:57 Omari:* Jamani swala imekaribia

*13:48 Mamkubwa Zena:* 🎤 2:10

*13:55 Mwanaisha:* Walio kazini nawaandikia alivyosema: "Swaleh, mwanandani hutiwa mtu asiyekuwa na wa kumtoa. Wewe Rukia atakaa mlangoni na watakutoa. Usilitaje tena. Na pete ikatwe. Marehemu aliivua mwenyewe akampa aliyekuwa akimgeuza kitandani usiku, na mimi nilikuweko, hakuna aliyenisimulia. Athmani, wewe ulikuwa Maskati watafuta riziki, sikulaumu. Lakini usiweke pete mizanini na mato ya nduguyo. Vipande viwili mniletee mimi, nitavifunga kwenye kanga yangu mpaka apone. Nimemaliza."

*17:30 Omari:* Jumanne gari ninalo mpaka saa nne. Baada ya hapo lazima nivuke Likoni.

*17:31 Rukia:* Saa nne atakuwa bado ndani.

*17:40 Omari:* Basi arudi na tuktuk

*19:12 Athmani:* Nimesikia Mamkubwa.

*19:14 Athmani:* Ipigwe picha kabla. Ndani, penye jina. Fatma anitumie.

*19:15 Fatma:* Sawa baba. Mimi niko Nairobi, Ami Swaleh apige na simu yake.

*19:20 Swaleh:* Kwa ndani utaonaje na haitoki

*19:21 Bakari:* Hiyo yataka MRI yake

*19:21 Mwanaisha:* 😂 samahani Mamkubwa

*19:24 Rukia:* Ikishakatwa itafunguka, ipigwe hapo hapo kwa sonara. Kesho kwanza damu ya figo, halafu Bondeni. Swaleh saa tatu uwe umevaa.

*19:25 Swaleh:* Tutaona

*19:25 Rukia:* Hakuna tutaona. Athmani, elfu tisa?

*21:03 Rukia:* Athmani?

*22:47 Salma:* 👍

*22:48 Rukia:* Salma hiyo dole ni ya gari, ya pesa, au ya kukaa naye?