Pazia la nje la kuzuia jua barazani: nizingatie nini kwanza?

Muulizaji: Habari zenu, wadau. Baraza yetu ina paa zuri, lakini upande wa magharibi uko wazi, na kuanzia saa tisa alasiri jua hupenya chini ya paa hadi viti havikaliki. Nataka kufunga pazia la nje la rola. Je, nianze na rangi au ukubwa wa matundu ya kitambaa?

Mchangiaji wa kwanza: Anza na matundu. Kitambaa chenye uwazi (yaani sehemu ya kitambaa ambayo ni matundu) wa asilimia 3 hukata mwanga mkali zaidi kuliko cha asilimia 10, ingawa hupunguza pia upepo na mandhari. Kwa jua la magharibi, ambalo hushuka na kupiga usoni, ningechagua kati ya 3 na 5. Kuhusu rangi, nyeusi hukuwezesha kuona nje vizuri, ilhali nyeupe, japo hurudisha joto zaidi, hung'aa ikipigwa na jua na kuchosha macho.

Mchangiaji wa pili: Naunga mkono, ila upepo usisahauliwe. Pazia linaloning'inia huru hupigapiga nguzo na kuchanika. Lile ambalo kingo zake zina zipu inayoteleza ndani ya reli hubaki limenyooka. Reli zisafishwe, maana vumbi huikwamisha zipu.

Muulizaji: Nashukuru. Na usiku, taa zikiwaka barazani, wapita njia wataona ndani?

Mchangiaji wa kwanza: Wataona, kwa sababu kitambaa hicho humficha aliye upande wenye giza tu.