Corbières nyekundu ya zabibu mchanganyiko: ni mabaki kweli?

mgeni_wa_garonne:
Habari za jioni wakuu. Niko Toulouse, kusini mwa Ufaransa, jumamosi nimealikwa msosi kwao na mshkaji wa kazini, wanapika cassoulet, yale maharage meupe na bata na soseji. Mikono mitupu siendi nikachukua chupa ya Corbières nyekundu, waini ya huku kusini, lebo ya nyuma imeandikwa aina tatu za zabibu: carignan, grenache, syrah. Sasa jamaa ninayekaa naye ananiambia waini ya kuchanganya ni mabaki ya shamba, wanaojua wananunua ya zabibu aina moja. Kweli au ananizingua?

kibarua_mavunoni:
Anakuzingua huyo. Corbières nyekundu kuchanganya ni sheria yao, AOC, yaani jina la eneo linalolindwa kisheria, wamepata 1985 na lazima ziwe aina mbili au zaidi, ukitia moja tu jina hilo huandiki. Mbona Bordeaux wanachanganya na hasemi kitu?

Mi nimevuna upande wa Boutenac, humohumo Corbières. Grenache inajaa sukari kwahiyo pombe inapanda, tamu ya matunda ila rangi hafifu, syrah ndo inaleta rangi na kaharufu ka pilipili manga, carignan sasa ndo uchachu na ukakasi, bila hiyo waini inalala tu mdomoni. Na ile mizee ya carignan haina waya, ni kichaka kifupi kimesimama peke yake kwenye mawe, mashada yamejibana huko chini unakata umeinama asubuhi nzima na upepo unakupiga, mpaka saa sita mikono myeusi inanata hata simu hushiki.

babu_kijiweni:
Na hiyo carignan ilidharaulika sana, walipanda Languedoc nzima, mkoa wa huko kusini, kwa ajili ya wingi tu, ikatoka waini nyepesi ya bei chee, miaka ya 80 Ulaya ikaanza kulipa watu waing'oe. Walioacha mizee yao ndo wanaringa leo, waini yenye jina la Boutenac toka 2005 carignan lazima iwemo. Wengi hawaipondi, mashada mazima yanaingia kwenye tangi lililofungwa lenye kaboni dioksidi, inaanza kuchacha ndani ya punje yenyewe, ukakasi unatulia.

dada_zuu:
Pilipili manga tena? Hiyo si pilau 😂

mgeni_wa_garonne:
😂😂 Asanteni. Niiweke friji au?

kibarua_mavunoni:
Dakika 20 tu, iwe kama digrii 16 hivi. Wanaosema joto la chumba wanasahau nyumba za zamani zilikuwa baridi, siku hizi hita zinawaka ukiimimina hivyohivyo utasikia pombe tupu. Ifungue nusu saa kabla. Cassoulet ina mafuta ya bata mengi, ule uchachu unayakata vizuri. Ila mko wangapi mezani?

mgeni_wa_garonne:
Saba

kibarua_mavunoni:
Ongeza chupa mkuu.

mgeni_wa_garonne:
Mwisho wa mwezi huu unanionea 😂