Re: Nani ameshajaza fomu SSA-820? Saa 80 zinanisumbua

Mama Neema, Maryland

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nina shida na muda niliopewa ni mfupi.

Wengi mnajua mgongo wangu uliumia nikiwa CNA, msaidizi wa wauguzi, nilipomnyanyua mgonjwa peke yangu kwa sababu zamu haikuwa na watu wa kutosha. Tangu hapo niko SSDI, malipo ya Social Security kwa mfanyakazi aliyepata ulemavu. Mwaka jana nikarudia cherehani: madera, magauni ya vitenge, sare za harusi na za kwaya. Niliripoti mwenyewe tangu mwanzo na risiti ninayo. Sasa wameniletea SSA-820, fomu ya kueleza kazi ya kujiajiri, na afisa wa ofisi ya huku kwetu amenipigia kusema miezi yangu karibu yote inaingia kwenye TWP, kipindi cha kujaribu kazi. Si kwa pesa, maana faida haijawahi kugusa dola 1,160 kwa mwezi, kiwango cha 2025. Ni kwa saa, maana aliyejiajiri akizidisha saa 80 mwezi huo unahesabiwa, na mimi nilisema nakaa kwenye cherehani kila siku.

Swali langu ni moja. Nikishona nusu saa inabidi nilale sakafuni mpaka mgongo uachie, ndipo niendelee. Gauni ambalo fundi mzima analimaliza asubuhi, mimi nalala nalo siku mbili. Kwenye fomu, zile saa za kulala sakafuni naziandika kuwa ni za kazi au siziandiki? Sitaki kudanganya na sitaki kujipunja. Anayejua anisaidie.

Baba Zawadi, Dayton

Jambo sana Mama Neema, na pole. Mimi nakuambia chunga benki. Mdogo wangu alipata polio tukiwa Uvira, Kongo, mguu mmoja hauna nguvu, na hapa Ohio anapata SSI, malipo ya wazee na wenye ulemavu wasio na kipato. Alianza kunyoa watu nyumbani, jamaa zetu wote wa kanisani wanaenda kwake. Akawa anaweka franga kidogo kidogo anunue kiti kizuri cha kinyozi. Akaunti ikapita dola 2,000, SSI ikakatwa, na barua ikaja kudai hata pesa za nyuma. Mtoto wa watu amekosa raha mpaka leo. Kwa hiyo toa pesa zote benki kila mwisho wa mwezi, ukae chini ya 2,000.

Njeri, Lowell

Baba Zawadi, kwa heshima zote, tafadhali tusichanganye watu. Mama Neema yuko SSDI. Hiyo ni pesa ya kodi ya FICA aliyokatwa kwenye mshahara miaka yote aliyofanya kazi. SSDI haiulizi una nini benki. Kikomo cha 2,000 ni cha SSI peke yake.

Na hata kwa mdogo wako, ushauri wa kutoa pesa benki ni mbaya. Kanuni za SSI zinasema mali inayotumika kwenye biashara haihesabiwi, iwe ni mashine, kiti, au hata pesa inayozunguka kwenye biashara yenyewe, na haijalishi thamani yake. Shida huja mtu anapoweka pesa ya kinyozi na ya unga kwenye akaunti moja. Afungue akaunti ya biashara peke yake. Kama barua ya deni anaona si kosa lake, SSA-632 ndiyo ya kuomba asamehewe, na kama anapinga deni lenyewe ni SSA-561, siku 60. Ulemavu wake ulianza utotoni, basi pia aulize kuhusu akaunti ya ABLE, ya akiba kwa wenye ulemavu. Hapo anaweza kuweka akiba hadi 100,000 na SSI isiguswe.

Mama Neema, TWP ni miezi 9 ndani ya miezi 60, si lazima ifuatane, na hela yako ya SSDI inaingia yote hata ukipata faida kubwa. Kwa hiyo kuhesabiwa mwezi wa TWP si kukatwa. Baada ya hapo una miezi 36 ya EPE, kipindi cha nyongeza, na mwezi wowote uliokuwa chini ya SGA, kikomo cha mapato ya kazi (dola 1,620 kwa mwezi mwaka 2025), unalipwa. Medicare, bima ya afya, inaendelea angalau miezi 93 baada ya TWP. Watu wanaogopa barua wasizozisoma.

Saidi, Houston

Dada Njeri unasema kweli lakini unamwambia mtu asiogope, na si wewe unayesubiri tarehe ya malipo. Mimi ni asiyeona, nafanya ukalimani wa Kiswahili kwa simu, hospitali na mahakama, wananilipa kwa 1099, kama mtu aliyejiajiri. Kwetu wasioona SGA mwaka 2025 ilikuwa dola 2,700 na bado kila mwaka nakaa na tumbo joto nikipeleka Schedule C, fomu ya kodi ya faida ya biashara. Mwaka mmoja niliandikiwa mapato ghafi badala ya faida, kana kwamba simu, intaneti na programu ya kunisomea skrini napewa bure. Ilichukua miezi mingi kurekebishwa.

Mama, fungua LLC, kampuni ndogo. Pesa zinakuwa za kampuni, si zako.

Njeri, Lowell

Saidi, hapana! LLC ya mtu mmoja IRS, watu wa kodi, wanaiona kama wewe mwenyewe, Schedule C ni ile ile, Schedule SE ya kodi ya aliyejiajiri ni ile ile. Huo ushauri unazunguka kwenye WhatsApp na umeumiza watu. Mume wangu aliambiwa hivyo hivyo alipoanza kuendesha teksi baada ya operesheni ya moyo. Kilichomwokoa ni daftari la maili: mwaka 2025 ilikuwa senti 70 kwa maili, na kwenye barabara za huku faida inashuka sana ukiandika kila safari.

Mama Neema, binti yako anakusaidia kukata vitambaa bure, sivyo? Wakipima SGA, thamani ya msaada usiolipiwa inatolewa kwenye faida. Kama kuna shirika lilikununulia mashine ya ovaloki, hiyo nayo inatolewa, ingawa hukulipa wewe. Na kwa kuwa umeshapokea SSDI zaidi ya miezi 24, kwenye SGA wanaangalia mapato, hawakuulizi saa. Saa ni za TWP tu.

Mama Neema, Maryland

Asanteni sana wapendwa. Njeri, Mungu akubariki, hilo la binti sikulijua na nitaliandika. Lakini swali langu ni hizo hizo saa za TWP. Miezi 9 ni hazina yangu. Natarajia mwakani nipate oda za sare za kwaya nyingi, nilitaka miezi yangu niitumie hapo, nikiwa napata pesa ya maana. Sasa inaliwa na miezi niliyopata dola mia tatu nikiwa nimelala sakafuni. Saa za kulala, naandika au siandiki?

Saidi, Houston

Nenda WIPA, washauri wa mafao kwa wenye ulemavu wanaofanya kazi. Kila jimbo lina watu wake, ni bure, wanakuandikia ripoti ya mafao yako yote. Wa kwetu ni mama mmoja mvumilivu sana.

Nikwambie kitu kingine kinachoniuma. Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani barazani pale Tanga, na alikuwa na mguu mbovu. Akichoka anajinyoosha kwenye mkeka, mteja anakaa, wanaongea mpira, chai inaletwa. Hakuna aliyemhesabia saa. Ila pia hakuna aliyemlipa senti siku alizoumwa, tulikula kwa majirani. Nakumbuka kule kila siku, lakini mtoto wangu nisingeweza kumlea kule nikiwa sioni.

Baba Zawadi, Dayton

Saidi umenigusa. Kwetu hata hiyo baraza haipo tena, imebaki vita. Njeri, nashukuru kwa habari ya akaunti, nitampeleka mdogo wangu. Ila ulinijibu kwa ukali, mimi ni mtu mzima.

Niulize na mimi. Mama yangu yuko SSI kama mkimbizi, na sheria ni miaka 7, kama hujawa raia inakatika. Miaka inaisha. Mama hakusoma, na tangu apatwe na kiharusi kumbukumbu inapotea. Mtihani wa uraia kwa Kiingereza ataufanya namna gani?

Njeri, Lowell

Baba Zawadi, niwie radhi kama nilisikika mkali. Naona watu wakikatwa kwa ushauri wa kusikia, na inaniuma.

Mama ni fomu N-648. Inamwondolea mtihani wa Kiingereza na wa historia kwa sababu ya ugonjwa, inakwenda pamoja na N-400, ombi la uraia. Msichelewe.

Saidi, Houston

Akiapa kuwa raia wa Marekani atapoteza uraia wa Kongo, mjue. Na sisi Watanzania ni hivyo hivyo. Wakenya mmepata uraia pacha kwenye katiba ya 2010, sisi kila uchaguzi tunaahidiwa, tunaishia kupigwa picha na wageni wa ubalozi. Nimekataa kuapa kwa ajili ya kiwanja cha baba. Nikikatwa SSDI leo, wa kunitetea ni nani?

Njeri, Lowell

Saidi, SSDI si ya raia tu. Una green card na ulilipa FICA. Tusitishane.

Mama Neema, Maryland

Mimi niliapa, na nililia nikiwa na bendera mkononi. Tuyaache hayo. Kesho napeleka fomu. Nimekata shauri kuandika mistari miwili kila mwezi, saa za kushona peke yake na saa za kulala peke yake, na barua ya daktari wangu nimeibana nyuma. WIPA wa huku wamesema watanipigia. Mwenye jibu bado namsubiri.

Baba Zawadi, Dayton

Mungu akutangulie Mama. Njeri, hiyo N-648 anaweza kusaini yule nesi anayemtibu mama kliniki? Yeye ndiye anamjua vizuri, daktari tunamwona mara moja moja.

Njeri, Lowell

Nesi hapana, itarudishwa. Ni daktari wa MD au DO, au mwanasaikolojia wa kliniki, mwenye leseni ya Marekani. Omba miadi na daktari mwenyewe, na umwambie aeleze wazi kiharusi kimezuiaje mama kujifunza. Akiandika jina la ugonjwa tu bila maelezo, wataikataa. Nipigie Jumamosi mchana, tutaipitia pamoja kabla hujaipeleka.