Tupeane uzoefu: wewe na mwenzi wako mmefika korongo gani, bandari gani ya kale?

Mama wa Mtoni, Jinja

Habari za jioni ndugu zangu. Tulipotimiza miaka kumi na mitano ya ndoa, mimi na mume wangu hatukutaka karamu. Babu yake alikuwa akichochea kuni kwenye meli za mvuke za Ziwa Kyoga, hapa Uganda, na alichotuachia ni majina tu: Namasagali, Masindi Port, Butiaba. Tukaamua kuyafuata.

Kwa wasioijua njia hiyo: Nile inapotoka hapa Jinja ina miamba na maji makali, meli haipiti. Ndiyo maana mwaka 1912 ilifunguliwa reli ya Busoga hadi Namasagali, ambako mto umetulia. Abiria walishuka kwenye treni wakapanda meli, wakavuka Kyoga hadi Masindi Port, wakashika barabara hadi Butiaba, kisha meli nyingine ya Ziwa Albert ikawapeleka Pakwach na hata Nimule, upande wa Sudani, leo Sudani Kusini. Pamba ilirudi kwa njia hiyohiyo.

Namasagali tulifika kwa matatu hadi Kamuli, kisha bodaboda mbili, vumbi hadi kwenye kope. Majengo ya bandari yaligeuzwa shule zamani. Tulikuta nguzo za gati majini na vijana wawili wakivua ngege. Mume wangu si mtu wa maneno. Alivua viatu, akaketi pale ukingoni, miguu ndani ya maji, na kwa mara ya kwanza tangu anioe akanisimulia jinsi babu yake alivyokuwa akirudi nyumbani mikono imebabuka kwa moto, na bibi akiipaka samli. Miaka kumi na mitano nyumba moja, sikuwa nalijua hilo! Tulikaa hadi jua likazama, na bodaboda wetu hawakutusumbua hata kidogo.

Masindi Port sina mengi. Feri, mafunjo, joto.

Butiaba ndiyo iliyonikaa moyoni. Barabara inateremka ukingo wa Bonde la Ufa, ziwa linakufungukia lote kwa mara moja, na ng'ambo milima ya Kongo imekaa kama wingu. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilijaza maziwa, maji yakaingia bandarini, na meli Robert Coryndon, fahari ya ziwa hilo, ikazama palepale Butiaba mwaka 1964. Leo kinamama wanaanika muziri, samaki wadogo kama dagaa, pale ufukweni. Tulinunua, tukala na posho, yaani ugali, mume wangu akaniambia, "Babu angefurahi." Basi na nyinyi leteni za kwenu.

Baba Mapacha, Mbarara

Dada, asante kwa hii. Sisi tulikwenda korongo la Kyambura, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Ukiwa juu ni nyika tupu, nyasi za manjano hadi macho yanapoishia, halafu ghafla ardhi imepasuka, na chini huko, kama mita 100, kuna msitu mzito na mto. Ni kama mtu amechukua kipande cha msitu wa mvua akakificha mfukoni mwa nyika.

Nilikuwa na wasiwasi na mke wangu, kwa kuwa ana goti bovu. Njia ni mteremko mkali wa udongo mwekundu, na usiku ilinyesha. Kumbe aliyeteleza ni mimi, na aliyenishika mkono hadi chini ni yeye. Mto tulivuka juu ya gogo lililolazwa. Sokwe tuliwasikia kwanza, wale jamaa wakipiga kelele na kugonga mashina ya miti, na tulitembea karibu saa tatu ndipo tukamwona mmoja, mama na mtoto mgongoni, juu ya mkuyu.

Askari wa hifadhi alitueleza kwamba sokwe wa korongo lile wamebaki peke yao, kwa sababu pande zote ni nyika na mashamba, hawana njia salama ya kwenda kuchanganyika na wenzao wa misitu mingine. Mke wangu alinyamaza njia nzima ya kupanda. Tulipofika juu akauliza, "Sasa yule mtoto akikua ataoa wapi?" Swali hilo bado tunalo nyumbani kwetu.

Mgeni wa Fort Portal

Tuna mtoto wa miaka miwili, Kyambura tunaweza?

Baba Mapacha, Mbarara

Hapana ndugu, kule watoto wadogo hawaruhusiwi. Nendeni Mweya mpande boti mfereji wa Kazinga, ule unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Viboko ni wengi mno, nyati nao, na mtoto atakaa mapajani bila taabu. Beba kofia na maji.

Binti Arua

Mama wa Mtoni, hizo mvua ulizotaja ziliacha alama nyingine. Tulipooana tulikwenda Murchison. Boti ilitutoa Paraa ikapanda Nile polepole hadi karibu na maporomoko, tukashuka, tukapanda kwa miguu hadi juu. Mto mzima ule unabanwa kwenye ufa wa mita kama saba tu, halafu unaanguka zaidi ya mita 40. Ardhi inatetemeka chini ya viatu. Pembeni kuna maporomoko mengine, ambayo Nile iliyafungua yenyewe kwa mafuriko ya 1962, mwaka wa uhuru wetu, ndiyo maana yanaitwa Uhuru. Maji yaleyale yaliyoizamisha Butiaba!

Na ile Butiaba ina habari ya wanandoa wengine. Januari 1954 mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway na mkewe Mary walianguka na ndege karibu na maporomoko haya. Boti ikawaokoa ikawafikisha Butiaba, wakapanda ndege nyingine, nayo ikawaka moto ikijaribu kuruka. Magazeti ya dunia yalishaandika kwamba wamekufa. Nilimsimulia mume wangu tukiwa tumelowa manyunyu, akanishika mkono kwa nguvu hadi tukateremka.

Mtoto wa Luzira

Mimi bandari yangu ni Port Bell, iliyopewa jina la gavana Hesketh Bell. Baba ni Mhaya wa Bukoba, mama ni wa hapahapa Luzira. Walipochumbiana, meli Victoria ilikuwa ikizunguka Ziwa Victoria zima, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, na baba alikuwa anakuja nayo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ikabaki Tanzania, na safari zile zikaisha.

Mwaka jana baba aliomba tumpeleke gatini. Haoni vizuri sasa. Mama alimshika mkono, wakasimama wanasikiliza maji. Baada ya kitambo baba akanyoosha fimbo kuelekea kushoto, akasema, "Wewe ulisimama pale. Novemba. Nilikuletea kapu la senene, nawe ukaniambia kwenu pia wapo."

Mama akamjibu, "Na nikalipokea."