Kidonda sehemu za siri: tupeane uzoefu kabla ya kukimbilia duka la dawa

Mwenye Mada: Wakuu, mtu akiona kidonda huku chini anamtuma dogo dukani akalete "dawa ya vidonda". Nyie wa kliniki, maabara na famasia, tuwekeeni hapa mnachokijua.

Nesi Zamu: Swali la kwanza ni kama kinauma. Kidonda kimoja, kisafi, kingo ngumu, hakiumi: fikiria kaswende. Hujitokeza kama wiki 3 baada ya kujamiiana, ingawa huweza kuwa siku 10 hadi 90. Kwa mwanamke huweza kujificha ndani asikione kabisa. Kinapona chenyewe ndani ya wiki chache, mtu anashukuru, kumbe ugonjwa umeshaingia kwenye damu. Baadaye vinakuja vipele hadi viganjani na kwenye nyayo. Kaswende changa hutibiwa kwa benzathini penisilini yuniti milioni 2.4 mara moja, nusu kila tako. Homa na kutetemeka ndani ya saa 24 hutokea na hupita. Kuvimba uso au kubanwa pumzi ni mzio, ndiyo maana sindano hii haichomwi mtaani.

Famasia ya Kona: Vinavyouma ni habari nyingine. Malengelenge madogo yaliyokusanyika, yakitanguliwa na kuchonyota, kisha yakapasuka: mara nyingi ni hepesi. Mara ya kwanza ni asaikloviri miligramu 400 mara 3 kwa siku, siku 7 hadi 10, na ianzwe mapema. Haimalizi kirusi, kwa hiyo huweza kurudi. Kidonda laini chenye usaha, mtoki umevimba: pangusa, ugonjwa mwingine wa zinaa. Huo mtoki usiupasue kwa wembe.

Na jamani, acheni kufungua kapsuli za rangi mbili na kumwagia unga juu ya kidonda. Haufiki kwenye ugonjwa, unakaukia pale, daktari akija kuangalia haoni umbo lake. Dettol na ndimu vinaunguza tu. Osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo.

Mgeni: Kwa hiyo kila kidonda ni zinaa?

Famasia ya Kona: Hapana mkuu. Septrin, ile dawa ya kuua bakteria, kwa baadhi ya watu hutoa kidonda kwenye kichwa cha uume, palepale kila akiimeza, na kikipona kinaacha weusi. Muulize mgonjwa amemeza nini kabla ya kumuuliza amelala na nani. Upele, wembe na fangasi navyo vimo. Mpox (homa ya nyani) pia.

Mzee wa Maabara: Kwa macho watu hukosea sana, na mara nyingine magonjwa mawili yako pamoja. Kipimo cha kaswende huweza kusoma hasi siku za mwanzo. Rudia baada ya wiki 2 hadi 4. Pima na VVU, na kama tendo halijapita saa 72, ulizia PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tendo.

Nesi Zamu: Wa kwenda siku hiyohiyo: mjamzito, mtoto, aliyeshindwa kukojoa, mwenye homa, ambaye govi limevutwa nyuma halirudi, na aliyetokwa vidonda mdomoni au machoni baada ya dawa. Wengine msisubiri kipone chenyewe. Kilichotibiwa kisifunge kwa wiki kadhaa kinakatwa kipande kidogo cha nyama kuangalia saratani. Mwenzi naye aje. Kondomu haifuniki kila mahali, hivyo tendo lisimame hadi kidonda kifunge.

Mzee wa Maabara: Nyongeza: RPR (kipimo cha damu cha kaswende) ikiandikwa 1:32, tunza hiyo karatasi. Miezi 6 hadi 12 baada ya tiba tunategemea ishuke hadi 1:8 au chini yake, na bila namba ya kwanza hatuna cha kulinganisha.