Msibani tusome Zaburi ya 34 au ya 88?

Mleta mada: Zaburi 34:19 inasema mateso ya mwenye haki ni mengi, lakini Bwana humponya nayo yote. Zaburi ya 88 ina mistari 18 ya kilio na inaishia gizani, hakuna jibu. Paulo naye: Warumi 12:15 tulie na waliao, 1 Wathesalonike 4:13 tusihuzunike kama wasio na matumaini. Anayepewa neno msibani ashike lipi?

Mwinjilisti: Paulo hajipingi. Hakatazi huzuni, anakataza huzuni isiyo na tumaini, na sababu iko mstari wa 14: Yesu alikufa akafufuka. Wanaoharibu ni wahubiri wanaoishia "msihuzunike" na kufunga kitabu. Yesu alijua anakwenda kumwamsha Lazaro (Yohana 11:11), na bado akalia (11:35). Ila 88 kwa mtu aliyetoka kuzika? Ni kumwongezea mzigo.

Mwana wa Kora: Mtumishi, hapo tunaachana. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba kimya (2:13), wakawa sawa kabisa. Shida ilianza walipofungua vinywa. Elifazi, mmoja wao, anasema heri mtu ambaye Mungu humrudi (5:17), jambo lile lile la Mithali 3:11-12. Paulo mwenyewe anamnukuu Elifazi: linganisha Ayubu 5:13 na 1 Wakorintho 3:19. Pamoja na hayo, Ayubu 42:7 Mungu anamkasirikia Elifazi. Maana yake neno linaweza kuwa kweli na bado likamjeruhi unayemsomea. Msomee 34:19 mama aliyezika mtoto: atajiuliza mbona wake hakuponywa, au ataona ameambiwa kwamba yeye si mwenye haki.

Mzee wa Darasa: Ongezeni Yeremia 29:11, ile ya kwenye kalenda. Ni barua kwa waliohamishiwa Babeli. Mstari wa 10 unataja miaka 70, kwa hiyo wazee walioisikia ikisomwa walikuwa wafie huko huko. Ndiyo maana mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani. Ukiusoma wa 11 peke yake, mfiwa anasubiri mambo yanyooke mwezi ujao.

Mwinjilisti: Nakubali kuhusu 34:19. Basi tusome Zaburi ya 13: mistari minne ya kulalamika na kuomba, miwili ya kutumaini.

Mwana wa Kora: Inageuka haraka mno, mfiwa hajafika mstari wa 5. Kaburini soma 1 Wathesalonike 4:13-18 yote, bila kuikata, kwa kuwa agizo la kufarijiana liko mstari wa 18. Ile 88 iwekeni jioni, nyumbani, turubai likishashushwa na wamebaki ndugu wa karibu. Anza na mstari wa 1, maana ndipo anapoitwa "Mungu wa wokovu wangu", soma taratibu hadi mwisho, kisha nyamaza. Usihubiri juu yake.

Mwinjilisti: Jioni hiyo ndiyo watu wanapotawanyika na mfiwa anaanza kubaki na mawazo yake. Kumwachia zaburi isiyo na mlango wa kutokea, siungi mkono. Labda kwenye arobaini.