Mjadala: Tuwadai wachungaji vyeti vya theolojia, au tuwafundishe waumini kuisoma Biblia?

MWANZISHA MADA

Tangu miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwezi Aprili 2023, swali moja limekuwa likirudi bungeni, katika vikao vya makanisa na hata barazani: je, serikali imzuie mtu asiyesomea theolojia kuongoza kanisa? Miili iliyopatikana ilizidi 400, mingi ikiwa ya watoto. Kiongozi wa kundi la dini lililokuwa limekaa msituni humo, mhubiri Paul Mackenzie, anakabiliwa na mashtaka ambayo ameyakana, na upande wa mashtaka unadai kwamba wafuasi wake walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kikosi kazi kilichoongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi kiliikabidhi serikali ya Kenya ripoti yake mwaka 2024, kikapendekeza sheria ya kusimamia mashirika ya dini. Rwanda ilikuwa imekwisha kutangulia kwa sheria yake ya mwaka 2018, iliyowadai viongozi wa dini elimu ya dini, na hapa Tanzania sauti za kutaka tufuate njia hiyo hazikosekani.

Mimi naona kwamba sheria ya vyeti inamtazama aliyesimama mimbarini na kumsahau aliyeketi kwenye benchi. Cheti cha mhubiri ni kinga ndogo mno. Kinachohitajika ni msikilizaji anayejua Ukristo wenyewe unafundisha nini, na mwenye mazoea ya kusoma sura nzima badala ya kupokea mstari mmoja mmoja.

Tuanze na Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi lililodai kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, miezi michache baada ya utabiri wao kwamba dunia ingefikia mwisho tarehe 31 Desemba 1999 kushindwa kutimia. Mmoja wa viongozi wao, Dominic Kataribabo, alikuwa padri aliyesoma Marekani hadi shahada ya uzamili. Angeomba kibali chini ya sheria zinazopendekezwa leo, angekipata kabla ya saa sita mchana. Wafuasi wake hawakukosa kiongozi msomi. Walikosa kushika neno la Yesu mwenyewe katika Mathayo 24:36, kwamba habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake.

Sasa tutazame jambo lisiloua mtu, kwa sababu mazoea mabaya ya kusoma hayaanzii msituni. Yeremia 29:11, mstari wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, umeandikwa kwenye kalenda, kwenye vioo vya daladala na kwenye kadi za mahafali. Ukiusoma pamoja na majirani zake unakuta ni sehemu ya barua ambayo Yeremia aliwapelekea Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli. Mstari wa 5 unawaagiza wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko ugenini, na wa 10 unataja miaka 70, maana yake wengi wa waliosikia barua ile ikisomwa wangezikwa kabla ya kurudi kwao. Mstari wa 8 unawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao, na sura ya 28 imekwisha kutuonyesha nabii wa namna hiyo kule Yerusalemu, Hanania, aliyeahidi kwamba nira ya Babeli ingevunjwa katika muda wa miaka 2 tu. Kwa hiyo mstari tunaoutumia kuahidi gari, mchumba na visa kabla ya mwezi kwisha umetoka katika barua iliyoandikwa kuwapinga watu walioahidi mambo ya haraka. Sijui kama yupo nabii wa siku hizi ambaye angefurahi waumini wake wakiisoma barua hiyo yote kwa sauti.

Na tarehe 1 Februari 2020 mjini Moshi, watu 20 walikufa katika mkanyagano, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Andiko linalotajwa zaidi kuhusu mafuta ni Yakobo 5:14, na mpangilio wake uko wazi: mgonjwa yuko alipo, wazee wa kanisa ndio wanaoitwa kwake, wanamwombea na kumpaka. Hakuna mahali ambapo mgonjwa anakimbizana na wenzake uwanjani.

Karibuni tujadili.

MCHUNGAJI WA KANISA LA KUJITEGEMEA, MWANZA

Bwana Yesu asifiwe. Ndugu mwanzisha mada, nakuunga mkono katika kukataa sheria ya vyeti, lakini nina mashaka na dawa unayoipendekeza. Matendo 4:13 inatuambia kwamba wakuu wa Yerusalemu waliwatambua Petro na Yohana kuwa watu wasio na elimu, kisha wakastaajabu na kuwatambua ya kwamba walikuwa pamoja na Yesu. Nahofia kwamba tukikwepa shahada ya mchungaji tutaishia kumdai muumini shahada, kwa mlango wa nyuma. Katika kanisa langu wapo akina mama wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda kununua nyanya za jumla na kurudi nyumbani giza limeingia. Mama wa namna hiyo hana nafasi ya kuichambua barua ya Babeli. Ana mstari wake mmoja, na mstari huo umemvusha katika msiba wa mume na ada za watoto. Usimnyang'anye.

MSOMAJI WA KIGALI

Habari zenu. Naomba sheria yetu ielezwe kwa usahihi, kwa kuwa wengi huitaja bila kuijua. Ilimtaka kiongozi wa dini awe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo ya dini, na waliokuwa tayari katika huduma wakapewa miaka 5 ya kujiandaa. Maelfu ya nyumba za ibada zilizofungwa mwaka 2018, na tena mwaka 2024, nyingi zilifungwa kwa sababu za majengo yasiyo salama, usafi na kelele, si kwa sababu ya mafundisho. Mfano wa Kanungu unathibitisha tu kwamba msomi anaweza kuwa mwovu, jambo ambalo hakuna anayelibisha. Daktari mwovu yupo pia, na hata hivyo hakuna anayetaka kupasuliwa na mtu aliyeota ndoto juzi kwamba yeye ni daktari. Kwa nini roho ya mtu ilindwe kidogo kuliko kidole tumbo chake?

MKATOLIKI, MWANAJUMUIYA

Tumsifu Yesu Kristo. Ninayo hoja inayogusa msingi wa mada yenyewe. Shakahola Biblia zilikuwepo, na watu wale walizisoma, tena kwa bidii kuliko wengi wetu. Ukisema waumini wasome zaidi, Arios naye alikuwa msomaji mzuri. Huyu alikuwa padri wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, na katika hoja zake alitegemea Mithali sura ya 8, pale Hekima inaposema, katika tafsiri ya Kigiriki aliyoitumia, kwamba Bwana aliiumba iwe mwanzo wa njia yake. Hakuna aliyemshinda kwa kumwambia afungue Biblia, maana alikuwa ameifungua tayari. Maaskofu walilazimika kukutana Nikea mwaka 325 na kukiri pamoja kile ambacho Kanisa lilikuwa likikiamini. Waraka wa pili wa Petro, 1:20, unaonya kwamba unabii wa maandiko haufasiriwi kwa jinsi apendavyo mtu mmoja. Kwa hiyo Biblia bila Kanisa linalofundisha inaweza kuwa hatari kama Kanisa bila Biblia.

MWANZISHA MADA

Nashukuru kwa michango, na hasa huu wa mwisho, ambao naona unaikamilisha hoja yangu. Kujua mistari na kujua Biblia ni mambo mawili. Katika Mathayo sura ya 4 Ibilisi anamnukulia Yesu Zaburi ya 91, na anainukuu bila kusitasita, isipokuwa anaacha maneno ya zaburi kwamba malaika watakulinda katika njia zako zote, akaruka moja kwa moja kwenye kuchukuliwa mikononi. Yesu hamjibu kwamba andiko hilo ni la uongo. Anamjibu kwa andiko jingine: tena imeandikwa. Mtu mwenye mstari mmoja hana hiyo "tena".

Kuhusu kanuni za imani, ile ya Nikea na ile ya Mitume, ndiyo, hizo ndizo muhtasari ambao kila Mkristo anapaswa kuushika, lakini tazama tunavyozitamka Jumapili, kwa kasi ya kondakta anayetaja vituo. Laiti mfuasi mmoja wa Shakahola angesimamishwa kwenye maneno "ufufuo wa mwili" na kuulizwa ni kwa nini Mungu anayekusudia kuufufua mwili aagize mwili wa mtoto unyimwe uji. Laiti angekumbushwa 1 Wakorintho 15:3, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, kifo ambacho kimekwisha kutokea na hakihitaji kuongezewa kingine. Haya si mambo ya chuo kikuu, ni mafundisho ya katekumeni.

Mchungaji wa Mwanza, mama huyo simnyang'anyi mstari wake. Namwongezea. Akijua kwamba ahadi ile walipewa watu waliokaa muda mrefu katika hali wasiyoitaka, itamfaa zaidi siku ambayo mambo hayatabadilika, na hatakuwa na sababu ya kumpelekea mtu mtaji wake wa nyanya kama mbegu ya muujiza.

Ndugu wa Kigali, daktari anapimwa kwa mambo ambayo serikali inaweza kuyapima. Serikali itapimaje fundisho la Utatu? Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 19, inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hata hivyo hesabu za fedha, usalama wa majengo, na mtoto anayezuiwa kwenda shule au hospitali ni mambo ya serikali, na hapo sheria iwe kali bila kuona haya joho la mtu.

MWALIMU WA KIPAIMARA

Mmezungumza mengi kuhusu kiongozi na muumini, lakini hakuna aliyegusa tunavyofundisha. Mimi hufundisha kipaimara katika usharika wa Kilutheri. Watoto wanakariri Amri Kumi na maelezo ya Katekisimu Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, na wanakariri vizuri kweli. Siku ya kipaimara inafika, inakuja keki, sare, mpiga picha na ukumbi, na baada ya hapo kijana hasikii tena fundisho la mpangilio hadi siku anapoleta barua ya kufunga ndoa. Kati ya miaka 15 na 30, umri ambao mtu anatafuta kazi, anaugua, anadanganywa na kuchumbiwa, kanisa linampa mahubiri na matangazo ya michango. Halafu tunashangaa kwamba amepata mwalimu mwingine kwenye simu yake.

Ninachopendekeza ni kidogo. Jumuiya zisome Injili ya Marko kwa mwaka mzima, sura zake zote 16 kwa utaratibu, bila kuruka. Asiyejua kusoma asikilize: Marko yote husomeka kwa sauti chini ya saa 2, na kwa kuanzia iliandikwa kwa watu ambao wengi wao walisikiliza tu. Kila wiki liulizwe swali moja, nani anazungumza na nani, na kwa sababu gani. Nimejaribu na vijana wangu. Walipofika sura ya 8, Petro anapomkemea Yesu kwa kutaja mateso, binti mmoja aliuliza kwa nini hajawahi kusikia sehemu hiyo kwenye mkesha wowote. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

MCHUNGAJI WA KANISA LA KUJITEGEMEA, MWANZA

Mwalimu, hilo la Marko nalipokea, na naweza kulianza katika ibada ya katikati ya wiki, kwa kuwa wale akina mama wanasikiliza kuliko unavyodhani. Lakini ndugu mwanzisha mada umepenyeza neno "hesabu za fedha" kana kwamba ni jambo jepesi. Kanisa langu lina waumini wasiofika 100, na sadaka ya wiki nyingine hailipi umeme. Mkaguzi anayelipwa tutamtoa wapi, na kama akitoka serikalini, mipaka ya ibara ya 19 uliyoitaja ataishika nani? Naomba ulijibu hilo kabla hatujaendelea.